Magoti Hayakupimwa

Nyumba ile iligawanyika pande mbili, na mpaka ulipita katikati ya meza ya chakula. Upande mmoja alikaa Fundi, mama wa nyumba, aliyewashonea sare nusu ya wanafunzi wa mji ule. Upande wa pili alikaa mumewe, Mpima, ambaye kazi yake ilikuwa kupima viwanja vya watu na kuwaambia, kwa upole wa daktari, kwamba choo chao kiko kwa jirani. Katikati palilala kibakuli cha chumvi na picha mbili za pikapu zilizokatwa gazetini.

Walikuwa wamekubaliana kununua pikapu ya familia, yenye milango minne na sehemu ya mizigo nyuma. Makubaliano yaliishia hapo. Fundi alitaka ya kati, Mpima alitaka kubwa, na hata majina yaliwashinda. Ile ya kati Mpima aliiita "kile kigari", na ile kubwa aliiita "ya kawaida". Fundi naye ya kati aliiita "gari", na kubwa aliiita "basi". Mtu akiwasikiliza kutoka chumba cha pili angedhani ukoo huu unanunua magari manne.

"Hilo basi litalala wapi?" Fundi aliuliza.

"Uani."

"Na sisi tukitaka kupita?"

"Tutapita ndani yake," akasema mmoja wa mapacha, vijana wa miaka kumi na mitatu waliokuwa wamehudhuria vikao vyote bila kualikwa.

Lakini tuseme kweli, maana hadithi isiyosema kweli ni kama suruali isiyo na zipu: inavalika, ila mwenyewe hana amani. Fundi hakuwa na ugomvi na ukubwa wa gari lolote. Wiki tatu kabla ya hapo alikuwa amepata leseni ya udereva. Alijifunzia kwenye gari kuukuu la shule ya udereva, ambalo kiti chake kiligoma kusogea tangu zamani, akawa anakalia vitambaa viwili vya kaki vilivyokunjwa mara nane ili aione barabara. Alifaulu mara ya kwanza. Mpima alifurahi kwa dhati, akainunulia leseni ile fremu, akaitundika sebuleni karibu na picha ya harusi. "Mke wangu ana leseni," aliwaambia wageni, kwa sauti ya mtu anayesema mke wangu amechanjwa pepopunda.

Kwamba mke wake angeendesha, hilo hakuwahi kulisema.

Kwa miaka kumi na minne marobota ya sare yalikuwa yakipelekwa mashuleni na Mpima, kwa gari la ofisini, baada ya kazi, akipata nafasi, mvua isiponyesha. Shule zikifunguliwa Jumatatu, sare zilifika Alhamisi. Muhula uliopita shule mbili zilimwambia Fundi, kwa heshima zote, kwamba zimepata fundi mwingine ambaye hashoni vizuri lakini anafika. Maneno hayo hayakumtoka kichwani. Alijua ya kati angeiweza. Lile "basi" hakuwa na hakika nalo, ila alikuwa na hakika na jambo moja: likinunuliwa, Mpima ataingia upande wa usukani na hatatoka humo mpaka astaafu.

Aliyechoka kwanza alikuwa Shangazi, dada mkubwa wa Mpima, aliyekuwa akiishi nao na kulala chumba kilichopakana na ugomvi.

"Nyinyi wote wawili mnakula kwa kupima," alisema. "Pimeni basi, tulale."

Karatasi ikaandikwa. Watu watano wa nyumba hii wakitosha ndani ya ya kati, na milango ikafungwa bila kusukumwa kwa bega, itanunuliwa ya kati. Wasipotosha, itanunuliwa kubwa. Mke na mume wakatia sahihi. Shangazi akaweka dole gumba kama shahidi, ingawa mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa wote. Alisema sahihi inaigizwa, dole gumba haliigiziki.

Jumamosi asubuhi Fundi akaning'iniza futi yake shingoni, akaanza na mapacha, ambao walikuwa wembamba kama vijiti vya kiberiti na hawakumsumbua. Kisha akaenda kwa Shangazi.

"Wifi, naomba nikupime kidogo."

"Nashonewa nini?"

"Hushonewi kitu. Napimia kiti cha gari."

"Kumbe nimekuwa mto wa kochi."

"Upana wa nyonga tu, wifi. Sekunde moja."

Shangazi akasimama wima, akavuta pumzi, na chochote kilichoweza kuingia ndani kikaingia. Fundi alikuwa amepima wanawake miaka mingi. Alisubiri tu. Pumzi ina mwisho. Ilipotoka, ndipo alipoisoma futi.

"Ngapi?" Mpima aliuliza kutoka mlangoni.

"Hiyo ni siri ya fundi na mteja."

"Mimi nahitaji hesabu."

"Utapewa jumla."

Mpima, kwa upande wake, alikuwa uani na nyundo, kamba na vigingi, akiichora ardhini pikapu ya kati kwa vipimo vya gazeti, kwa urefu na upana wake halisi. Alifanya kazi ile kwa usafi wa ajabu, hata pembe zikanyooka. Jirani akachungulia juu ya ukuta.

"Mnajenga?"

"Tunanunua gari."

Jirani akavitazama vigingi, akaitazama kamba. "Hivi magari yanaota?"

Viti viwili vya jikoni vikawekwa mbele, benchi la sebuleni likawekwa nyuma, na hapo ugomvi ukapanda cheo ukawa wa kitaalamu. Mpima alitaka kila anayekaa kwenye benchi aachiwe vidole vinne kila upande.

"Vya nini?" akauliza Fundi.

"Kati ya kiwanja na kiwanja lazima pawe na njia."

"Hawa ni ndugu, si viwanja."

"Ndugu ndio wanaogombania mipaka kuliko watu wote. Njoo ofisini nikuonyeshe mafaili."

"Kwangu mimi nguo ikigusa mwili ndiyo imekaa."

Wakakubaliana kidole kimoja, baada ya mabishano yaliyomfanya jirani aende kuchukua kiti chake. Kisha Mpima akaketi kiti cha mbele, upande wa dereva. Pacha mmoja akampa mfuniko wa sufuria, naye akaushika kwa mikono miwili kwa uzito wote wa cheo hicho.

"Haya. Mama Mapacha, kaa hapa pembeni yangu. Dada na vijana, nyuma."

Wakaketi. Shangazi alipokamilika kwenye benchi, pacha wa kulia alibaki na nusu ya makalio, na pacha wa kushoto akawa nje ya kamba kabisa, ardhi ya watu.

"Hawatoshi," alisema Mpima, akijitahidi uso usionyeshe sherehe.

Fundi akaitazama karatasi yake ya vipimo. Jumla yake ilikuwa sahihi. Alikuwa ameirudia mara tatu. "Umewapanga vibaya," alisema. "Mimi nyuma nimeweka mapacha na wewe. Wifi ni mkubwa, anakaa mbele."

"Mimi nikikaa nyuma, nani anaendesha?"

Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba kwa wiki nzima watu wawili wenye akili zao walikuwa wakipima magari mawili tofauti, kila mmoja akiwa amejiweka mwenyewe kwenye usukani bila kumwambia mwenzake.

"Mimi," alisema Fundi.

Mpima akautazama mfuniko wa sufuria kama mtu aliyeombwa figo. "Wewe?"

"Nina leseni. Iko ukutani."

Hakuna aliyecheka. Fundi alisikia moyo wake ukidunda kama cherehani ya umeme.

"Ishike karatasi," Shangazi akamwambia pacha. "Soma. Imesema dereva ni nani?"

"Haijasema, Shangazi."

"Basi Jumatatu twendeni kwenye magari yenyewe, na kila mtu apange anavyopanga. Wakitosha wametosha. Na mbele nakaa mimi, hilo halipimwi."

Jumatatu mapacha walikuwa likizo, Mpima aliomba ruhusa kazini, na wote watano wakateremka kwenye yadi ya magari. Muuzaji alikuwa kijana aliyevaa tai fupi iliyoishia kifuani, na alikuwa na kipaji cha kukubaliana na watu wasiokubaliana.

"Ya kati ni chaguo la wenye akili, mama," alimwambia Fundi. Akageuka. "Na kubwa ni chaguo la wenye heshima, mzee."

"Na mimi?" aliuliza Shangazi.

"Wewe, mama mkubwa, utapendeza popote."

"Huyu atafika mbali," alisema Shangazi, "na watu watamfuata kudai."

Fundi akaingia ya kati, upande wa usukani. Miguu ilifika, kioo kilimtosha, boneti ilionekana yote. Shangazi akaingia mbele pembeni yake, mkoba mapajani. Alipapasa chini ya kiti, akapata kishikio, akakivuta, na kiti chake kikarudi nyuma mpaka kilipogota. "Ahaa," akasema, akanyoosha miguu.

Nyuma ya kiti kile ndipo alipokuwa akiingia Mpima.

Alikuwa mtu mrefu. Aliingia kichwa, akaingia mabega, kisha akaanza kuiingiza miguu kwa awamu. Mapacha wakaingia kutoka upande wa pili. Milango ikafungwa, mmoja baada ya mwingine, kwa ule mlio mdogo mtamu wa kitu kilichokaa mahali pake. Bega halikutumika. Kwenye kiti cha nyuma kilibaki kidole kimoja, tena na nusu.

"Tumetosha," alisema Fundi.

Na ni kweli walitosha. Upana ulikuwa umepimwa na fundi wa nguo na kuhakikiwa na mpima ardhi wa serikali, na hapakuwa na kosa hata la unywele. Magoti ndiyo hayakupimwa. Ya Mpima yalikuwa yamepanda mpaka usawa wa masikio, na kati yake uso ulitokeza kama wa mtu anayechungulia uchochoroni.

"Uko sawa, Baba Mapacha?" Fundi alimwuliza kupitia kioo.

"Niko sawa."

Dakika ikapita. Muuzaji akaanza kusifia redio.

"Baba," alisema pacha, "goti lako linaniingia sikioni."

"Lipishe."

"Nilipishe niende wapi?"

Dakika nyingine ikapita, ndefu kuliko ya kwanza. Mpima akakohoa. "Mama Mapacha."

"Abee."

"Karatasi ni yako. Umeshinda. Lakini nakuomba, kama mwenzangu, tuchukue kubwa."

Fundi alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili. Ushindi ulikuwa wake tayari, umefungwa milango minne. Lakini karatasi ilimpa gari tu. Wiki ijayo shule zitafunguliwa, na yule atakayeamka kwanza ndiye atakayechukua ufunguo. Miaka kumi na minne ilikuwa imemfundisha nani huamka kwanza.

"Kubwa nitakuachia," alisema. "Usukani?"

Mpima akajaribu kulisogeza goti, likagoma.

"Usukani nini?"

"Ni wa nani?"

"Wetu."

"Baba Mapacha, mguu wako wa kushoto bado unausikia?"

Mpima akafikiri kwa uaminifu. "Siusikii."

"Usukani ni wa nani?"

"Wako," alisema. "Siku za kazi."

Fundi akaanza kumwuliza muuzaji habari za rangi zilizopo katika ya kati.

"Siku zote," alisema Mpima kutoka kati ya magoti yake.

"Nimesikia," alisema Shangazi, bila kugeuka.

Kumtoa ilikuwa kazi ya watu watatu.

Ndipo Fundi akasimama mbele ya pikapu kubwa. Boneti yake ilimfika kifuani. Alikuwa amepigania usukani wa kitu ambacho usiku wa jana alikiota kikimfukuza. Akapanda kwa kushika kishikio cha mlangoni, akaketi, akaona mbele yake dashibodi, na juu ya dashibodi mbingu. Barabara haikuwepo. Akafikiria vitambaa vya kaki; hakuja navyo.

"Kuna kitu hapo pembeni ya kiti, mama," alisema muuzaji. "Vuta juu."

Akavuta, na kiti kikapanda, polepole, kama unga wenye hamira. Ikatokea boneti, likatokea lango la yadi, kikatokea kipara kidogo cha muuzaji ambacho wanunuzi wengine hawakuwahi kukijua. Alikuwa hajui kwamba viti vinapanda. Shule nzima ya udereva hakuna aliyemwambia.

Shangazi akakanyaga ngazi ya pembeni, akapandishwa na mapacha wote wawili, akakaa mbele, akaweka mkoba. Mpima akaketi nyuma na kuinyoosha miguu yote miwili, na uso wake ukawa wa mtu aliyepata alichokitaka, ila amekipata kwa upande wa pili.

Fundi akawasha. Akazunguka yadi mara moja kwa mwendo wa harusi. Mara ya pili akasimama, akatia gia ya kurudi nyuma, na kuliingiza lile basi kati ya lori na pipa la takataka. Mpima akafungua mdomo. Shangazi akageuka, akamtazama. Mpima akaufunga. Pipa lilibaki limesimama, na Fundi akazima injini.

Karatasi za ununuzi zilikamilika baada ya muda wa saa tatu. Kwenye lango, mlinzi aliyekuwa na daftari la magari yanayotoka akalitazama gari, akamwona mwanamke kwenye usukani, akamwona mama mkubwa pembeni yake, akazunguka mpaka dirisha la nyuma, akagonga.

"Mzee, jina lako na sahihi. Dereva anatakiwa asaini."

Mpima akalipokea daftari. Kalamu ilikuwa imefungwa na kamba, naye akaishika, akaitazama ile safu iliyoandikwa *dereva*, kwa muda ambao ungetosha kupima kiwanja kidogo. Mapacha walikuwa wakimwangalia kutoka kulia. Mbele, Fundi aliangalia barabara tu.

Kisha akanyoosha mkono na kulirudisha daftari kupitia dirishani.

"Zunguka mbele," alimwambia mlinzi. "Mpe dereva."