Bolti Fupi Tano

Fundi Masikio alipewa jina hilo kwa sababu gari likikatiza tu barabarani, yeye alishajua linaumwa nini. Siku hizi amestaafu, mkewe alifariki miaka miwili iliyopita, na cha kusikiliza ndani ya nyumba kimebaki friji. Binti yake wa pekee hajakanyaga pale tangu mazishi. Kila akiitwa, kazi zimembana. Na mzee hakuwa na ombi jingine duniani: aingie, akae, anywe hata maji.

Basi saa nne asubuhi simu ikaita, na jina ni la binti huyo. Lo, nusura aiangushe! Kumbe ni pancha. Binti alisema yuko njiani, mbali, tairi la akiba amelifunga mwenyewe, ila sasa limegoma kuzunguka.

Fundi akamuuliza katumia bolti zipi. Zilezile alizofungua, akajibu. Hapo ufundi ukampanda mzee kichwani, akasahau hata upweke wake. Akamweleza kwamba rimu zake za kila siku ni nene, kwa hiyo bolti zake ndefu. Hiyo ya akiba ni ya chuma chembamba, ya kujisitiri tu, na ukiifunga kwa bolti ndefu zinatokeza upande wa pili na kukwama kwenye breki. Akilazimisha ataharibu. Fupi zipo, tano, ndani ya kifuko cha kitambaa, palepale tairi lilipokuwa limelazwa. Aliziweka yeye mwenyewe siku gari liliponunuliwa, na kifuko alikishona mama mtu.

"Nimekiona," binti akasema. "Ni kitambaa cha mapazia yetu ya sebuleni."

"Ndicho."

Wakaendelea. Atoe ndefu, atie fupi, akaze kwanza kwa mkono, tena asifuate duara, aruke upande huu na upande ule. Aizungushe. Ikazunguka. Ashushe jeki, amalizie kwa spana. Maelezo ya dakika mbili mzee aliyavuta yakafika kumi, bila haya wala soni. Nani angemlaumu?

Ndipo kengele ya shule ikalia. Ikalia dirishani, ikalia na ndani ya simu, kwa pamoja. Shule yenyewe iko nyuma ya nyumba yake, ukikata kona tu. Mbali gani huko, jamani! Mzee akaketi kitandani. Ilimuuma, tena ilimuuma sana.

Uongo mdogo ulimfika kwenye ncha ya ulimi. Angesema tu kwamba tairi hilo halifai kwenda popote leo, aje apumzike nyumbani, na binti angeamini, maana kwa mambo ya magari hajawahi kumbishia. Mzee akaumeza uongo huo.

"Baba." Sauti ya binti ilikuwa imepungua. "Nilikuwa napita tu. Nikifika hapo getini miguu inakataa."

"Najua, mama. Tairi hilo usizidi themanini. Ziba pancha leo hii hii. Na bolti ndefu usizitupe, utazihitaji."

Akakata simu, akatoka mbio uani, kandambili mguu mmoja. Geti hakulifungua. Alisimama nyuma yake, mkono kwenye komeo. Gari likaja, likapunguza mwendo, likawa kama linasimama. Mzee akabana pumzi. Kisha magurudumu ya mbele yakapanda tuta lililo mbele ya geti, ya nyuma yakafuata. Kila gari hupunguza mwendo pale. Likaenda zake.

Fundi Masikio akatega sikio mpaka mlio ukaisha. Hakuna kilichogonga, hakuna kilicholegea.

"Amezikaza vizuri," akasema kwa sauti, na pale uani hapakuwa na wa kumwitikia.