Kengele Iliyofundwa Kunyamaza

Mama ndiye aliyetangaza habari njema: kengele ya mdogo wangu imetulia, kifafa kimemwacha. Bosi wa karakana akamruhusu arudi kwenye msumeno wa umeme, kwa sharti avae kichwani kile kifaa chenye kengele, na mimi niliyekitengeneza niwepo siku ya kwanza.

Basi nikasimama kwenye maranda. Kifaa changu kilikuwa saketi ya neva bandia, zilizounganishwa kwa mfano wa ubongo. Hakikupewa kanuni, kilifundishwa. Kiungo kati ya neva kilichosifiwa kiliimarika, kilichokemewa kililegea. Kilikuwa kimejifunza kuhisi kifafa kabla hakijamwangusha, na kupiga kengele. Nilikiamini kuliko macho yangu.

"Dada, usinikodolee hivyo," alisema mdogo wangu. "Utanifanya nikate ubao upogo."

Msumeno ukanguruma, akasukuma ubao. Kisha nikaona kidole gumba chake kikisugua kile cha shahada, polepole, kama mtu anayepima kitambaa dukani. Ishara hiyo ya kifafa naijua tangu utotoni. Nikategea kengele sikio. Kimya. Nikajiambia kifaa hakikosei, labda ni woga wangu tu. Ubao ukasogea, na mkono ukaufuata kuelekea kwenye meno.

Nilimrukia kwa nyuma, nikamvuta, tukaanguka wote wawili. Akaanza kutetemeka mikononi mwangu. Hata hapo kengele haikulia.

Nyumbani nilifika nimefura.

"Mama, nani amekichezea kifaa?"

"Nani akichezee? Kila kilipolia usiku nilibonyeza kile kitufe chekundu, mwanangu apate usingizi. Siku hizi kina adabu, hakisumbui mtu."

Hasira ikaniisha. Kitufe chekundu ni cha kukikosoa: umekosea, usirudie tena. Nilikiweka mwenyewe na sikumweleza mtu. Mama alikilea kama alivyotulea sisi, kila kinapolia, nyamaza. Nacho kikatii, na mtoto wake akawa anatetemeka usingizini bila yeyote kuamka.

Nilipomweleza, aliketi chini.

Nilifuta yote kiliyojifunza, nikaanza kukifundisha upya. Sasa kengele ikilia, mama hukaa kando ya kitanda, mkono mmoja begani kwa mwanawe, mwingine ameukalia usije ukaponyoka kwenda kwenye kile kitufe. Machozi humtoka.

"Lia, baba," hukiambia kifaa. "Lia."