Maji ya Kunawa

Nimechoka kuwaambia watu: ua hili halitaki maji! Mama alinipa mche wake kabla hajafa, nikaubeba kutoka Kisii mpaka hapa Kisegi. Linachanua Januari, jua likipasua ardhi, jekundu lenye ncha za njano. Ukiliacha, linaishi miaka. Ukilihurumia, linaoza. Kuna ugumu gani hapo?

Basi, mwaka ule wa tisini na nne, jirani yangu Truphena akachimba kipande bila kuniomba. Nilimwona na jembe lake. Sikumsalimu tena, hata kanisani.

Kumbe adui alikuwa nyumbani. Mume wangu Motari, akimaliza kula, anabeba beseni la kunawia mikono, mwaa! juu ya ua langu.

"Baba Bitutu, jamani!"

"Lina kiu, mama. Angalia majani yalivyolala."

"Yanalala mchana, jioni yanaamka. Liache!"

Anaitikia vizuri tu, na kesho ni yale yale. Sikio la kufa halisikii dawa.

Halafu Sabato moja akaleta wageni wa kanisa. Walikula samaki, wakanawa, na kila aliyenawa akatoka na beseni kwa upole wake wote, akamwaga palepale. Mzee wa kanisa akaongeza jagi zima la maji safi. "Hata mimea ni viumbe vya Mungu," akasema. Sasa utamgombeza mzee wa kanisa siku ya Sabato? Nikatabasamu huku nachemka.

Haikuchukua muda ua likalegea. Nilipolivuta likanijia lote mkononi, mizizi imekuwa uji unaonuka. Nililia. Nikamfokea Motari mpaka kuku wakakimbia.

"Si nilikuwa nalihurumia?" akasema, beseni bado mkononi.

Kitu cha mama kilikuwa kimebaki kwa mwizi tu. Nikaweka kiburi kando, nikaenda. Nyuma ya choo cha Truphena, kwenye changarawe kavu, maua yalikuwa yamejaa, mekundu, yanacheka na jua.

"Wewe uliyatunzaje?" nikamuuliza. Hata salamu sikutoa.

"Mimi? Si wewe ulikuwa unapiga kelele kila siku, halitaki maji, halitaki maji? Nikaliacha."

Miaka yote hiyo, mtu mmoja tu ndiye aliyenisikiliza, na ndiye niliyemnunia. Truphena akaingia ndani, akatoka na lile jembe, akanipa.

"Chimba," akasema. "Na wewe usiombe."