Ufagio wa Chuo Kikuu

"Hivi ni kweli binti yako anakwenda chuo kikuu kusomea kufagia?"

Swali hilo aliniuliza jirani yangu, Mama Redio, akiwa amesimama mlangoni, na mimi nimeinamia cherehani napinda sketi ya shule. Tulimwita Mama Redio kwa sababu habari ikipita kwake asubuhi, adhuhuri imeshafika sokoni. Nilimwambia hapana, anasomea uchumi na mazingira, shahada moja yenye vyote viwili. Akanitazama kwa huruma.

"Mazingira si ndiyo ile ya kila asubuhi na mifagio yetu, mwalimu wa zamu yuko nyuma na fimbo?"

Nikacheka naye. Mimi pia niliishia shule ya msingi, na mazingira niliyoyajua ni hayo hayo: kuokota makaratasi, kumwagilia maua, kukaguliwa. Lakini alipoondoka nilishika tama. Kama Mama Redio anajua, shemeji naye atajua kabla jua halijazama. Na shemeji ndiye anayempeleka mtoto chuo.

Shemeji ni mdogo wa marehemu mume wangu. Wote walifanya kazi kiwanda cha ngozi, mume wangu kwenye mapipa ya rangi, na yeye sasa ni msimamizi. Tangu tufiwe hajatutupa mkono, namshukuru Mungu kwa hilo. Alitaka binti asome uchumi, atoke hapo awe mtu wa benki. Neno mazingira hakuambiwa. Binti alisema atamweleza mwenyewe, akawa kila wiki analisogeza mbele.

Shemeji alikuja asubuhi ya safari, nimetoka tu kusali. Akakaa, akakataa chai. Shemeji akikataa chai, ujue ana jambo. Kabla hajaanza akatoka uani kidogo kama kawaida yake, akarudi anafuta mdomo kwa leso.

Alisema ameyasikia. Alisema watu wa mazingira anawajua, walikuja kiwandani wameziba pua, wakafunga geti, wakapanda gari lao wakaenda zao, na msimu mzima wanaume wakashinda barazani kama wagonjwa. Mume wangu akiwamo. Hawezi kumsomesha mtoto wa kaka yake ili aje afunge geti lililomlea. Achague uchumi mtupu, au asiondoke leo, abaki anisaidie kupiga pasi sare za watu.

Binti yangu, ambaye baba yake alimwita Mbona kwa kuwa hakuna kitu asichokiulizia mbona, alikaa kwenye mkeka karibu na magoti ya baba yake mdogo. Kwanza akaomba radhi kwa kumficha. Kisha akamkumbusha mchezo wao wa zamani, pale kwenye mfereji unaotoka kiwandani: walikuwa wanatazama rangi ya maji na kukisia leo vinatengenezwa viatu gani.

Shemeji akajikuta anatabasamu. Akasema siku za viatu vya shule maji yalikuwa meusi tii.

"Nikakuuliza mbona bata hawaogi humo," binti akasema. "Ukaniambia bata wana maringo."

Hata mimi nilicheka. Mtoto hakucheka.

"Baba alikuwa anatoka nje kukohoa ili nisimsikie. Na wewe, baba mdogo, unatoka nje kukohoa."

Shemeji akaikunja leso, akaikunja tena, mpaka ikabaki kidogo kiganjani.

"Sitaki kufunga geti," akaendelea kwa sauti ya chini. "Likifungwa watu wanalala njaa, nilikuwepo. Wale waliokuja kulifunga walijua maji tu. Waliolifungua tena walijua faida tu. Mimi nataka nijue vyote. Siku nikikaa nao mezani nikasema maji yasafishwe, niwe najua yatasafishwa kwa fedha ipi, na wewe utabakije kazini."

Shemeji akanigeukia. "Na wewe, shemeji? Uliyajua haya ukanyamaza?"

Nikamwambia nilijua. Nikamwambia pia jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu.

"Kila nikisali nakuombea mawili, shemeji. Kazi yako isipotee, na kifua chako kipone. Kazi hiyo hiyo, kifua hicho hicho. Wakati mwingine naona haya mbele za Mungu, kama naomba vitu vinavyogombana, halafu namwachia avipatanishe mwenyewe. Sasa mtoto anasema kuna mahali wanafundisha yote mawili pamoja. Mimi nimzuie vipi?"

Nje Mama Redio alikuwa anafagia mbele ya mlango wetu, mahali ambapo hajawahi kufagia tangu tuhamie, na ufagio wenyewe haukuwa unatoka sehemu moja kwenda nyingine.

Shemeji alimwekea mtoto mkono kichwani, akauacha hapo kidogo, kama alivyokuwa akimfanyia utotoni. Kisha akainuka, akavaa viatu, akaliinua sanduku la binti yangu akaliweka begani, akatoka kuelekea stendi.