Neno "Nimepokea"

Miaka yote nimekaa masjala, chumba cha majalada cha idara ya maji, na sijawahi kupoteza karatasi. Sijisifu, ndivyo nilivyo. Mdogo wangu alipoajiriwa kuangalia milango ya bwawa nilimfunda neno moja: ukipewa amri, jibu "Nimepokea". Serikalini neno hilo ndilo kinga yako. Nyumbani likawa utani wetu. Hata akiitwa kula alijibu "Nimepokea", tukacheka.

Kisha mkurugenzi akaja na mambo yake ya kisasa. Barua zinachelewesha kazi, akasema, sasa amri zote zipite kwenye kundi la simu, lile ambalo meseji zake hakuna wa nje anayeweza kuzisoma, na kesho yake zinajifuta zenyewe. Nilimwambia sheria inataka amri za kazi zitunzwe. Akanicheka, eti mama makaratasi.

Mvua kubwa iliponyesha, mdogo wangu aliomba ruhusa kundini apunguze maji mapema. Mkurugenzi akamjibu asifungue mpaka wageni wake waliokuwa bondeni, chini ya bwawa, waondoke. Mtiifu yule, akaandika "Nimepokea". Maji yakapita juu ya ukuta, yakabeba nyumba ya fundi cherehani pamoja na wanawe. Mdogo wangu alishinda na kukesha kwenye matope akiwatafuta watoto wale, simu hakuigusa. Alipoifungua, kundi lilikuwa tupu.

Wachunguzi wakataka amri ya maandishi, na wa kuwajibu ni masjala, yaani mimi. Mkurugenzi, macho makavu, alisema hakumbuki kumwambia mtu lolote. Wenzake wa kundini nao kimya, kila mtu na ugali wake. Nilipekua majalada kama mwendawazimu huku najua sitapata kitu. Nikamwambia mdogo wangu nitaandika kwamba amri niliiona.

"Hukuiona, dada," akasema. "Andika kilichopo."

Nikaandika: hakuna kumbukumbu. Kwa mkono wangu mwenyewe, Mungu wangu. Inaniuma mpaka leo.

Barua ya kumfukuza kazi, hiyo ndiyo ilikuja kwa karatasi, na muhuri, na nakala za kumwaga. Ilipitia dirishani kwangu, nikamkabidhi mwenyewe. Akaisoma yote bila kuinua kichwa, akaomba kalamu, akaandika chini ya jina lake: "Nimepokea". Nakala yake nikaitia kwenye jalada. Ipo.