Nyasi za Kuombea Msamaha

Maziwa yalikuwa na vumbi. Kiporo cha ugali nacho kilikuwa na vumbi. Nasieku alitafuna tonge moja, mchanga ukamkwaruza meno, akatema nje ya mlango. Kefule! Shamba la shemeji yake analila kila siku, na halijaota hata mharage mmoja.

Maana vumbi hilo lilikuwa na mwenyewe. Nyuma ya boma lao, juu kidogo ya kijiji cha Kisongo, palikuwa na malisho ya ndama, yasiyoguswa mpaka kiangazi kikaze. Mume wa Nasieku alipofariki, mdogo wake Lemburis akaleta trekta, akayalima yote, akabakiza ukanda mwembamba tu. Mvua ikachelewa, upepo ukawahi. Udongo ule wa majivu ya Mlima Meru ukishavuliwa nyasi haubembelezwi. Ulipaa hadi jua likafifia, ukaingia mpaka vitandani. Ikaja mvua moja ya hasira, haikupata pa kuzama, ikachimba korongo. Eti mchezea tope humrukia! Lemburis kacheza, tope likawarukia ndama. Na bado alitaka kuulima ukanda uliobaki.

“Ulime,” Nasieku alimwambia, “halafu ndama niwalete walale kitandani kwako.” Tangu siku hiyo Nasieku hakuitikia salamu ya shemeji yake.

Majirani wakamsema Lemburis mpaka akaona haya. Mchana huo akaja ameinamisha kichwa, ameshika nyasi mkononi. Kwa mila yao, anayeomba msamaha ameshika nyasi hafukuzwi.

“Shemeji, nimekosa. Ukanda ule sitaulima tena.”

Moyo wa Nasieku ulianza kulainika. Kisha akaona mizizi inaning'inia.

“Umezing'oa wapi?”

“Palepale ukingoni mwa korongo. Kwingine hakuna, shemeji.”

Mtu gani huyu, hata kutubu kwake ni kuharibu! Lakini mila ni mila.

“Nimekusamehe. Sasa twende ukazirudishe.”

Lemburis akapiga magoti ukingoni, akachimba kwa vidole. Vumbi likarudi shimoni. Akazipanda, upepo ukazilaza. Akazisimamisha tena, kipande cha ukingo kikameguka, kikaporomoka korongoni na nyasi zake. Zizini ndama walikuwa wanalia njaa.

“Nyasi zilizobaki zishike hivyohivyo,” Nasieku akasema. “Usiziachie mpaka mvua inyeshe.”

Akatema mate, akaenda kwa ndama wake.