Barabara Ilipohamia Nyuma ya Nyumba

Barabara haiombi ruhusa ya mtu. Tangu Mama Pindo aolewe, ilikuwa ikipita mbele ya duka lake la ushonaji, hatua chache kutoka cherehani yake. Wakaja watu wa tingatinga, wakachimba, wakashindilia, na kufumba na kufumbua lami mpya ikawa inapita nyuma, chini ya dirisha la chumba anacholala na mumewe. Mbele pakabaki tope na kuku.

Jirani yake kinyozi hakungoja kuambiwa. Wiki ileile alitoboa ukuta wa nyuma, akageuza viti, akapaka rangi. Mama Pindo alicheka mpaka akashika kiuno.

"Kageuza nyumba kama shati! Mimi mlango wangu ni huu. Anayenitaka atazunguka."

Mumewe alikuwa mwashi. Kila jioni aliupapasa ule ukuta wa nyuma kama mtu anayechagua tikiti sokoni.

"Mama, nipe siku moja tu. Chumba kiwe duka, duka liwe chumba."

"Kitanda changu cha ndoa kikae na kuku? Na mwanga je? Mashine yangu imezoea jua la huku."

"Mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe, mke wangu."

"Basi usiupige."

"Mimi nina nyundo."

"Hiyo nyundo ikigusa ukuta wangu, utalala nayo."

Badala ya mlango, Mama Pindo akachora mshale. Mshale mwekundu, mnene, kwenye ukuta wa nyuma: FUNDI NGUO HUKU. Alitaka uonyeshe kichochoro cha kuzungukia, lakini ulielekea moja kwa moja kwa kinyozi. Hazikupita siku nyingi, kinyozi akaja mikono kiunoni.

"Mama Pindo, leo nimeulizwa magauni kuliko ndevu! Mmoja kakaa foleni, kaketi kitini, nimeshamfunga shuka, ndipo ananiambia amekuja kupunguziwa kiuno."

Mama Pindo alicheka, ila cherehani iliyokuwa ikiimba kutwa sasa ilikuwa inakohoa tu, mara moja moja. Nyumba nzima ilikula kwa cherehani ile pale mwashi alipokosa kibarua, na vibarua vilikuwa vya kubahatisha.

Ndipo zikaja habari njema. Kulikuwa na harusi, na shangazi wa bibi harusi alitaka fundi mmoja ashone nguo zote: gauni la biharusi, za wasindikizaji, za mama wa pande zote mbili. Kazi ya namna hiyo humtoa fundi kwenye viraka. Mama Pindo akafagia duka, akatandika kitambaa kipya mezani, akangoja.

Shangazi na bibi harusi walikuja Jumamosi, mvua ikiwa imetoka kunyesha. Shangazi aliutazama mshale, akakitazama kichochoro, akavitazama viatu vyake.

"Humo sitii mguu," akasema, akagonga dirisha la chumbani.

Mwashi alikuwa amejilaza. Akakurupuka, akafungua pazia huku amejifunika shuka mpaka kidevuni.

"Fundi yuko?"

"Yuko mbele."

"Baba, mbele ndipo hapa."

Mama Pindo akaja mbio na futi yake ya kupimia. Aibu ilimjaa, lakini ukaidi ulikuwa umemtangulia. "Msihangaike, nampima hapahapa!" Akapenyeza mikono kwenye nondo za dirisha. Kifua alikipata kwa shida. Mgongo haukufikika, hata alipobana shavu kwenye chuma.

"Fundi," bibi harusi akauliza kwa upole, "nimekuja kushonesha gauni au kumtazama mfungwa?"

Utingo wa lori lililokuwa likipita alicheka hadi akapiga bodi. Shangazi hakucheka.

"Twende, mwanangu. Mafundi wenye milango wamejaa tele."

Mama Pindo alibaki amening'iniza futi nje ya dirisha. Mumewe akaanza kukunja shuka taratibu, na hilo lilimuuma kuliko kicheko cha utingo.

"Baba," akasema bila kugeuka. "Nyundo iko wapi?"

"Chini ya kitanda."

"Tangu lini?"

"Tangu lami ilipokauka."

Wakahamisha kitanda. Mwashi akapiga, vumbi likatanda, na Mama Pindo akaisukuma mashine yake mwenyewe. Mwanga sasa ulimjia kutoka upande asiouzoea. Mshono wa kwanza ukaenda upogo. Akaufumua, akaigeuza mashine, akakaa upande wa pili. Mshono ukanyooka. Kumbe jua halikuwa na neno naye.

Akampigia shangazi simu, akajishusha. Shangazi akamjibu kwamba nguo za wasindikizaji na za wale mama zimeshapata fundi. Gauni tu ndilo lililobaki, maana biharusi alikuwa bado hajampenda fundi yeyote. Zile nyingine zilikwenda, na hazikurudi. Mama mwenzangu unayenisikiliza, ukaidi ndivyo unavyokata: unakuachia kipande, ili ukumbuke kitambaa kizima.

Bibi harusi alikuja peke yake, akasimama kwenye tundu la ukuta, vifusi miguuni, magari yakipita nyuma yake.

"Fundi, mbona mlango hauna mlango?"

"Mlango utakuja tu, mwanangu. Ruka hilo tofali. Haya, nyosha mikono."